Radi Iliyowanyima Watu Pumzi

Wingu la radi likianza kujikusanya, kila nyumba inajua la kufanya. Mama huanua nguo na kuingiza ndani mahindi yaliyoanikwa uani, watoto huitwa watoke upesi chini ya mwembe, na baba hutoka kutazama kama mawe yaliyowekwa juu ya bati bado yako mahali pake. Twaogopa radi ipigayo, twaogopa mafuriko, twaogopa upepo ung'oao mapaa. Hayo tulifundishwa na wazee wetu, na ni ya kweli. Lakini nani kati yetu amewahi kusikia ya kuwa wingu la radi laweza kupita juu ya mji mkubwa, mvua yake ikawa ya kulowesha vumbi tu, kisha likaacha nyuma yake maelfu ya watu wakihema kama samaki waliotolewa majini?

Jambo hilo lilitokea katika mji wa Melbourne, nchi ya Australia, siku ya Jumatatu tarehe 21 Novemba 2016.

Melbourne ni mji mkubwa sana. Mwaka ule wakazi wake walikuwa zaidi ya milioni nne na nusu. Uko kusini kabisa ya Australia, karibu na bahari, na kwa upande wa magharibi na kaskazini umezungukwa na nchi tambarare yenye mashamba na malisho ya ng'ombe na kondoo. Mwezi wa Novemba huko si kama Novemba ya kwetu. Ni mwisho wa majira ya kuchipua, baridi imekwisha na joto la kiangazi lakaribia. Mwaka ule mvua zilikuwa zimenyesha vizuri mno katika miezi iliyotangulia, na nyasi za malisho zilikuwa zimerefuka na kutoa maua kwa wingi. Wakulima walifurahi. Mfugaji gani asiyefurahi akiona nyasi?

Siku ile jua liliwaka kweli kweli. Upepo ulivuma kutoka kaskazini, upepo mkavu wa moto utokao barani, na joto likafika digri 35. Watu walikuwa wamechoka na jasho. Basi ilipokaribia saa kumi na mbili jioni, wakati watu wanatoka kazini na kupanda treni kurudi makwao, mawingu meusi yakatokea upande wa magharibi. Mbele ya mawingu ukaja upepo wa ghafula, wenye baridi na nguvu. Kwa muda mfupi joto likapungua kwa digri kama 10. Ngurumo zikalia, umeme ukamulika, matone machache yakaanguka.

Ungefanya nini, ndugu msomaji, kama ungalikuwa pale? Bila shaka ungefanya walivyofanya wengi. Walifungua madirisha, wakatoka barazani na uani, wakavuta ile hewa baridi kwa furaha baada ya joto la mchana kutwa. Na katika kuvuta hewa hiyo ndiko walikoumia.

Haikupita muda mrefu, watu wakaanza kukohoa. Kifua kikabana. Wengine walidhani ni uchovu, wengine wakadhani wameshikwa na moyo. Mtu anataka kutoa pumzi haitoki, anataka kuvuta nyingine haina pa kuingia. Wale waliokuwa na pumu tangu utoto waliitambua mara moja, wakatafuta dawa yao. Lakini wengi hawakuwa na dawa, kwa sababu hawakuwa wamepata kuugua pumu hata siku moja katika maisha yao. Walijua kupiga chafya tu wakati wa maua.

Simu za kuomba gari la wagonjwa zikaanza kulia. Hata ilipofika saa moja jioni zilikuwa zikiingia kama mvua: katika robo saa moja peke yake zilipigwa simu 201, yaani simu moja kila baada ya sekunde nne au tano. Usiku ule simu zilikaribia 1,900, karibu mara sita ya zile za kawaida. Hapana mji duniani uliojiwekea magari ya wagonjwa ya kutosha kwa jambo kama hilo. Wakubwa wa kazi hiyo waliita kila aliyeweza kusaidia: magari ya zima moto yakapelekwa kwa wagonjwa, polisi nao wakaenda. Hata hivyo wapo waliongoja na kungoja. Ndugu zao walisimama njiani wakitazama huku na huku, na gari lilipofika lilikuta mtu amekwisha kukata roho.

Katika hospitali hali ilikuwa vilevile. Wengi hawakungoja gari, walipelekwa na majirani, au walijiendesha wenyewe huku wakihema. Waliingia wakiwa wamejishika kifua, hawawezi kusema hata majina yao. Madaktari na wauguzi waliokwisha kwenda nyumbani waliitwa warudi. Katika maduka ya dawa watu walijipanga mistari, na baadhi ya maduka yakaishiwa kabisa na dawa ya pumu ya kuvuta. Kwa hesabu iliyofanywa baadaye, katika muda wa saa 30 tangu dhoruba ilipofika, hospitali zilipokea wagonjwa wa kifua zaidi ya 3,300 juu ya wale wa kawaida. Waliolazwa kwa ajili ya pumu walizidi kawaida kwa watu 476, karibu mara kumi zaidi. Zaidi ya watu 30 waliwekwa katika chumba cha wagonjwa mahututi. Na watu 10 walikufa. Baadhi yao walikuwa vijana wa miaka ishirini hivi, ambao asubuhi ya siku ile walikuwa wazima.

Waziri wa Afya wa jimbo hilo alisema kwamba ilikuwa kana kwamba mabomu 150 yamelipuka kwa mara moja katika sehemu mbalimbali za mji. Hakutia chumvi. Tofauti ni moja tu: bomu lingesikika, na watu wangejua ni kitu gani kimewapiga. Usiku ule watu waliugua bila kujua sababu, na kila nyumba ilidhani ni ya kwao peke yao.

Basi ni kitu gani kilichowapiga? Si moshi, wala si sumu iliyotoka kiwandani. Ni unga wa maua ya nyasi.

Kila mtu aliyelima mahindi ameuona unga huo. Ukipita shambani wakati mahindi yametoa mbelewele, unga wa manjano hukuangukia begani. Wataalamu huuita chavua. Mimea yenye maua ya kupendeza huwaachia nyuki kazi ya kuuchukua, lakini nyasi hazina maua ya kuita nyuki, kwa hiyo hutoa unga mwingi mno na kuuachia upepo uupeleke utakako. Katika nchi tambarare zilizoizunguka Melbourne inaota kwa wingi nyasi iitwayo raigrasi, ambayo Wazungu walikuja nayo kutoka Ulaya kwa ajili ya malisho. Ni chakula kizuri cha ng'ombe na kondoo, lakini chavua yake ni adui wa pua za watu. Siku ile ilipimwa hewa ya Melbourne, ikaonekana kuwa katika kila mita moja ya ujazo kulikuwa na punje zaidi ya 100 za chavua ya nyasi. Kwao hicho ni kipimo cha juu kabisa.

Sasa hapa pana jambo la kustaajabisha. Punje ya chavua ni ndogo, hata ukizipanga punje 30 kwa mstari ndipo zinapata milimita moja. Lakini pamoja na udogo wake, ni kubwa mno kwa mapafu. Pua ya mwanadamu ni kama chekeche la unga: chenga hubaki juu, ulio laini hupita. Punje nzima ya chavua ni chenga. Hukwama puani, na mtu ambaye mwili wake haupatani nayo hupiga chafya, hutokwa na machozi na kamasi, basi. Ni taabu, lakini si ya kufa. Kwa hiyo watu wa Melbourne walikuwa wamezoea mafua hayo kila mwaka na kuyadharau, kama sisi tunavyodharau mafua ya kipupwe.

Wingu la radi ndilo lililozisaga punje zile. Tazama jinsi linavyofanya kazi. Hewa ya chini ikipata joto hupanda juu kama moshi wa jikoni, na katika kupanda huchukua kila kilicho chepesi: vumbi, makapi, na chavua. Huko juu kuna baridi na unyevu mwingi. Punje ya chavua ikinywa maji hufanya kama harage lililolowekwa usiku kucha, huvimba mpaka ganda likapasuka. Ndani ya punje moja ya raigrasi mna chembe za wanga zipatazo 700. Chembe hizo ni ndogo sana, hata zikipangwa mia tatu kwa mstari hazijafika milimita moja, na kila moja imebeba ile sumu inayomwudhi mgonjwa. Tena wingu lipandishalo hewa kwa upande mmoja huishusha kwa upande mwingine. Hewa iliyopozwa na mvua huwa nzito, huanguka kwa kishindo, na ikigonga ardhi hutawanyika mbele ya dhoruba. Huo ndio ule upepo wa baridi tunaouhisi kabla ya mvua kufika. Siku ile upepo huo ulishuka na chembe zile, ukazisukuma kwa pamoja katika mitaa, barazani, na madirishani.

Chembe hizo hazikukwama puani, zilipita chekeche na kwenda moja kwa moja mpaka ndani ya mapafu. Mirija ya pumzi ikakasirika: misuli yake ikajikaza, kuta zake zikavimba, na makohozi mazito yakajaa katika nafasi iliyobaki. Anayetaka kujua mwenye pumu anaona nini, na achukue mrija mwembamba wa kunywea soda, azibe pua, apumue kwa mrija huo tu huku akipanda kilima. Hatafika mbali.

Wataalamu walipowauliza wagonjwa wa usiku ule, waliona kwamba karibu tisa katika kila kumi walikuwa wakipiga chafya wakati wa maua. Lakini waliokwisha kuambiwa na daktari kuwa wana pumu hawakufika hata theluthi. Jambo hili liliwashangaza wengi. Tena katika wagonjwa walikuwamo wahamiaji wengi, hasa watu wenye asili ya India, Sri Lanka na nchi nyingine za Asia. Wengi wa namna hiyo hufika Australia wazima kabisa. Hukaa miaka kadhaa wakivuta chavua ya nyasi ambayo miili yao haikuizoea, ndipo chafya huanza, nao hudhani ni mafua ya nchi ya baridi.

Pengine utauliza: Je, ilikuwa mara ya kwanza? La. Na hili kwangu ndilo linalotia uchungu kuliko yote. Mwaka 1983 madaktari wa Birmingham, huko Uingereza, waliona watu 26 wakifika hospitali moja na pumu kwa ghafula baada ya radi. Melbourne yenyewe ilipata dhoruba ya namna hiyo mwaka 1987, na nyingine tena mwaka 1989. Mwaka 1992 wataalamu wa Melbourne hiyohiyo waliandika habari za punje kupasuka na chembe zake 700. Mwaka 1994 ikawa zamu ya London: wagonjwa 640 katika muda wa saa 30. Mwaka 1997, katika mji mdogo wa Wagga Wagga, kaskazini ya Melbourne, watu 215 walikimbilia hospitali, na 41 wakalazwa. Mwaka 2010 Melbourne ikapigwa tena, ila si kwa ukali ule wa 2016.

Kwa hiyo habari zilikuwa zimeandikwa. Lakini zilikaa katika vitabu vya wataalamu, na mama wa nyumbani hakuambiwa. Siku ile ya Novemba waliohesabu chavua walijua kuwa ni nyingi mno. Watabiri wa hali ya hewa nao walijua kuwa radi inakuja, na wakaonya watu juu ya upepo. Kila mmoja alishika kipande chake cha habari, na hapana aliyeviunga vipande viwili akasema: "Ninyi mnaopiga chafya, ingieni ndani mfunge madirisha." Simtupii mtu mmoja lawama. Katika kijiji pia hutokea hivyo, huyu ameona nyayo za chui, yule amesikia mbuzi wakilia usiku, na wawili hao hawakuonana mpaka zizi limekwisha kuvunjwa.

Siku 10 tu baada ya Melbourne, tarehe 1 Desemba 2016, Kuwait nayo ilipata mvua ya radi, watu wengi wakajaa hospitalini kwa pumu, na wengine wakafariki. Kuwait ni nchi ya jangwa na haina malisho ya raigrasi. Lakini jangwani nako kuna magugu yanayotoa chavua.

Jimbo la Victoria, ambalo Melbourne ndiyo mji wake mkuu, halikulala baada ya msiba ule. Uchunguzi ulifanywa, na kuanzia tarehe 1 Oktoba 2017 likaanzishwa tangazo la kila siku katika majira ya maua, tangu Oktoba mpaka mwisho wa Desemba. Tangazo hilo lina rangi tatu tu. Kijani maana yake hatari ni ndogo, rangi ya chungwa maana yake jihadhari, na nyekundu maana yake hatari ni kubwa. Ili siku iwe nyekundu lazima mambo mawili yakutane, chavua nyingi na upepo wa radi. Watu wenye chafya hufundishwa wasiende bila dawa, na wingu likikaribia waingie ndani, wafunge milango na madirisha, na kuzima mashine zinazovuta hewa ya nje.

Na mwenye kushikwa afanyiwe nini? Wenzetu wa Australia wana kanuni yao, rahisi hata mtoto wa shule aweza kuishika, nayo ni kanuni ya nne. Mkalishe mgonjwa wima, usimlaze, tena usimwache peke yake. Chukua dawa ile ya kuvuta inayofungua mirija, iitwayo salbutamoli, ambayo mara nyingi huwa katika kikopo cha rangi ya buluu. Tikisa kikopo, bonyeza mara moja, mgonjwa avute pumzi nne. Fanya hivyo mpaka umebonyeza mara nne. Ngoja dakika nne. Kama bado pumzi ni ngumu, rudia mara nne tena, na gari litafutwe la kumpeleka hospitali, huku mkiendelea kumpa dawa kwa namna hiyohiyo. Mgonjwa ambaye hawezi kumaliza sentensi moja bila kutweta, au ambaye midomo yake imegeuka rangi, hata kuchelewa kidogo kwake ni hatari, apelekwe mara moja.

Watoto wadogo hawawezi kuvuta wakati uleule wa kubonyeza, na hata watu wazima wengi hukosea, dawa ikabaki ulimini. Kwa hiyo madaktari huweka katikati chombo kama chupa pana, dawa ikaingia humo kwanza, mtoto akaivuta polepole. Chombo hicho hununuliwa kwa bei ambayo si ya kila mtu. Lakini madaktari wa Cape Town, Afrika Kusini, walijaribu kutumia chupa tupu ya plastiki ya nusu lita, ile ya soda au maji. Walitoboa kitakoni tundu la kutosha mdomo wa kikopo, wakaziba pembezoni kwa gundi ili hewa isivuje, mtoto akapumulia upande wa mdomo wa chupa. Mwaka 1999 waliandika kwamba chupa hiyo ilifanya kazi sawa na chombo cha dukani. Chupa ioshwe kwanza na kukauka vizuri. Na anayetaka kutengeneza ya kwake amwonyeshe mganga wa zahanati, amhakikishie kwamba tundu limekaa sawa.

Nasema hayo kwa sababu pumu haikai Melbourne peke yake. Vifo vingi vya pumu duniani hutokea katika nchi zenye kipato kidogo, mahali ambapo kikopo kile cha buluu hakipatikani au bei yake haifikiki. Kwetu kinachoamsha pumu mara nyingi ni moshi wa kuni jikoni, vumbi la njiani, na mafua ya mtoto yaliyoshuka kifuani. Mtoto anayekohoa kila usiku, au anayepiga filimbi kifuani akikimbia, huenda hana kikohozi cha kawaida. Wazazi wengi humpa asali na kumfunika blanketi zaidi. Wampeleke akapimwe.

Huko Melbourne, Oktoba ikifika, wahesabuji hurudi kazini. Juu ya paa la nyumba huwekwa kifaa kidogo kinachovuta hewa, na chavua hunata katika utepe wenye gundi. Kila asubuhi mtu hupanda, huutoa utepe, huuweka chini ya hadubini, na kuhesabu punje za nyasi moja moja kwa jicho lake. Hesabu hiyo ikiisha, ndipo watu wa mji wanapoambiwa rangi ya siku.